Behewa la Ngozi

Ng'ambo, Tabora
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu, Bwana Gadi,

Salamu sikuandikii, maana upo hapo uani na nakusikia ukibishana na mama yako juu ya kikapu. Yeye anataka ubebe kuku mzima wa kukaanga, wewe unasema karani mpya hawezi kushuka stesheni ananuka kitunguu. Atakushinda. Mambo ya kula, kufua, kuswali kwa wakati na kutoazima watu shati amekwisha kuyasema yote tangu juzi, mengine mara tatu, nami sina la kuongeza. Mimi nimejifungia chumbani nikisingizia kichwa, na nimeliteremsha kutoka darini lile boksi la treni ya kuchezea.

Najua utashangaa. Kwa miaka kumi na miwili boksi hili halikutajwa katika nyumba hii, na tulijifanya wote watatu kwamba tumelisahau. Nimelifungua sasa hivi. Injini bado haina ufunguo wa kukazia spring, kama ulivyoijua. Mabehewa yapo: lile la kijani lililo wazi juu, la tangi la mafuta ya taa, la ubapa wa kubebea magogo, la ng'ombe lenye mbavu za bati, na la gadi, msimamizi wa treni, lenye kibanda nyuma. Ng'ombe mmoja amekatika mguu. Behewa la sita, lile la kahawia lenye milango ya kusukuma, ndilo lililonifanya nikae nikuandikie. Nilikwambia limepotea. Halikupotea, nililificha mwenyewe juu ya boriti nikalifunika gunia, na leo nimelishusha pia.

Kesho kutwa asubuhi utakabidhiwa penseli na bunda la kadi, uanze kazi ileile niliyoifanya mimi. Ulipoleta barua ya kuitwa kazini, jirani walikuja kunipa mkono, mama yako akapiga vigelegele, nami nikatoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo kama mgonjwa. Wewe uliniona. Ulidhani nina wivu, au sijaridhika nawe. Hukuuliza. Na kutouliza huko ndiko kunakoniogopesha, kwa sababu mwalimu wako ni mimi.

Niruhusu nianzie kwa babu yako, kwani bila yeye habari hii haina miguu.

Unajua alikuwa mpagazi, na uliwahi kuishika sugu ya bega lake, ngumu kama kisigino. Boksi hili alilibeba kutoka pwani kabla reli haijafika Tabora. Lilikuwa mzigo wake katika msafara wa tajiri mmoja wa Kijerumani, limepigiliwa misumari na kuchorwa nyota mbili nyeusi kifunikoni. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na jambo lao moja la kujivunia. Ukikabidhiwa mzigo unaupima uzito, unaufunga vizuri, unauweka begani, basi. Kuuliza kilichomo ilikuwa aibu, ilionekana unatafuta kisingizio cha kuutupa njiani. Babu yako alipita nao Ugogo wakati wa ukame, akaona wenzake wawili wakibaki kando ya njia, akaufikisha Tabora bila hata pembe moja kubonyea. Hakuuliza.

Wajerumani walipoondoka hapa wakati wa vita, nyumba ya tajiri yule ikabaki wazi. Watu wakabeba vitanda, vioo, masufuria. Babu yako alichukua boksi lake tu, alilitambua kwa zile nyota. Alipolifungua akakaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe nimeibeba mwenyewe begani," alisema, "hii iliyokuja kuninyang'anya kazi!"

Alituachia sisi wanawe wawili tuichezee, mimi na mdogo wangu. Shehena za Kizungu zilizokuwemo, vipipa na magunia ya ukubwa wa ncha ya kidole, tulizipoteza mwaka uleule. Kwa hiyo ulipozaliwa wewe ikabidi tutengeneze zetu, na hapo ndipo nilipokuwa baba mzuri kuliko wakati wowote mwingine. Unakumbuka? Behewa la kijani tulilijaza karanga. Kwenye ubapa tuliweka vijiti vya mninga, nawe ukavifunga kwa uzi na kukataa nisivifunge mimi kwa sababu fundo langu si la reli. Mama yako alishona vigunia vya kitambaa cha amerikani, vingine vya chumvi ya Uvinza, vingine vya mchele wa Igunga. Pamba tuliisokota iwe marobota. Nta uliifinyanga vidonge ukavinusa siku nzima. Behewa la kahawia lilikuwa la ngozi kavu, tulikata vipande vya kiatu changu cha zamani. Siku moja nilitia chumvi humo kwa uvivu, ukanikemea mbele ya wageni: "Baba, chumvi itakula bati!" Ulikuwa na miaka sita. Nilijisifu kwa jambo hilo stesheni wiki nzima.

Nikakufundisha na kadi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika habari yako, ingawa wakati ule niliona ni mchezo. Nilikueleza kwamba ubavuni mwa kila behewa pana kibanio cha chuma, na karani huchomeka humo kadi yenye maneno mawili, shehena na mwisho wa safari. Dereva haoni kilichomo. Gadi haoni. Mlango ukishafungwa na kutiwa lakiri, ule muhuri wa reli, kadi ndiyo inayosema. Injini ikishindwa na mzigo, watu wa njiani hawafungui milango, wanasoma kadi, kisha wanachagua nani aende na nani angoje. Ng'ombe hawangoji. Ng'ombe wana amri yao, lazima wanyweshwe na wapitishwe mbele. Nta inaweza kungoja. Ngozi kavu inaweza kungoja wiki nzima, haina wa kuililia.

Uliyashika yote. Ulikuwa na penseli fupi nyuma ya sikio, na ndipo nikaanza kukuita Bwana Gadi. Wengine walidhani ni utani tu wa baba na mwana.

Sasa nifike siku ile. Ilikuwa masika, mvua imetufungia ndani, mimi nimekaa mkekani natengeneza kiatu. Uliondoa ngozi zote katika behewa la kahawia. Ukachukua njiti za kiberiti, nzima, zenye vichwa, ukazisimamisha humo moja moja mpaka zikabanana. Ukasukuma mlango. Ukaja na kipande cha karatasi na penseli yako, ukasimama mbele yangu kwa adabu kabisa.

"Baba, nimepakia watu. Niandike nini?"

Nikakupiga kofi. Hukuanguka tu, ulijigonga kwenye pembe ya sanduku, mdomo ukapasuka. Alama unayo mpaka leo, na sasa umeanza kufuga sharubu nadhani ili kuificha. Mama yako alipiga kelele, "Umekuwa mwendawazimu? Kafanya nini mtoto?" Nilichukua lile behewa, nikamwaga njiti kwenye tope uani, nikazikanyaga. Wewe hukulia. Ulinitazama, ukaokota penseli yako, ukaiweka dirishani. Toka siku ile hukugusa treni, na hukuniuliza tena jambo lolote ambalo jibu lake halikuwa ndiyo au hapana. Watu wakakusifu, mtoto wa mzee yule ana heshima, hana maswali mengi.

Hukuwa na kosa. Nimechelewa miaka kumi na miwili kulisema. Hukuwa na kosa hata chembe, mwanangu. Nisamehe, na kama huwezi, basi angalau ujue ulipigwa kwa ajili ya nini.

Umeambiwa kwamba baba yako mdogo, mdogo wangu wa pekee, alikufa kwa homa katika mashamba ya mkonge huko Tanga, miezi miwili kabla wewe hujazaliwa. Bibi yako aliambiwa hivyo, mama yako aliambiwa hivyo, na aliyewaambia ni mimi. Hakufika Tanga.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa. Mdogo wangu alikuwa na shamba huko Ndala likakauka lote, akaja hapa Ng'ambo na mfuko mmoja akalala barazani kwetu. Alikuwa mtu wa vicheko, na mwenye aibu ya kula chakula cha shemeji. Wakala mmoja wa mashamba ya mkonge ya Tanga alikuwa akiandikisha manamba, vibarua wa mkataba, mjini, lakini orodha ilikwisha kujaa. Ndugu yangu akaniomba. "Kaka, wewe ni mtu wa stesheni, unawajua. Niseme nao nini mimi?" Nikasema nao. Nikabembeleza, nikatumia jina la babu yako, mpaka mnyapara wa wakala akamwongeza wa mwisho kabisa.

Siku ya kuondoka mabehewa ya abiria hayakutosha. Wanaume kama thelathini walibaki wamekaa kwenye kokoto, na ndugu yangu alikuwa miongoni mwao. Mnyapara akaniita pembeni. Kwenye treni ya mizigo palikuwa na behewa moja tupu la kufunika, la kahawia, kama hili. Alisema waingie humo, mpaka Dodoma tu, huko watahamishwa. Na mlango ufungwe kwa nje, kwa sababu wengine huruka wakifika porini wakarudi kwao. Sheria ya reli ilikataza watu katika behewa la mizigo. Ningeandika "watu", stesheni masta angewashusha wote, na ndugu yangu angerudi barazani kwangu na mfuko wake.

Nilisimama na kadi mkononi. Mnyapara akasema, "Andika chochote, karani. Kwani wewe unasafiri nayo?" Naye ndugu yangu, akiwa mlangoni, akanicheka: "Kaka, unafikiri nini? Andika twende!"

Nikaandika ngozi kavu. Sikuchagua kwa ubaya. Lilikuwa neno nililoliandika mara nyingi kuliko yote, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikasukuma mlango, nikashusha komeo, nikatia lakiri kama kawaida. Nikagonga ubavu mara mbili kumuaga. Naye akagonga mara mbili kutoka ndani.

Kwenye kituo kidogo cha porini kabla ya Itigi, injini ilishindwa. Wakapunguza mabehewa matatu wakayasukuma njia ya pembeni, mbali na kibanda cha kituo. Walisoma kadi. Ng'ombe wa Shinyanga wakapitishwa, wakanyweshwa kwanza, maana pale pana tangi kubwa la maji la injini. Nta ikabaki. Magogo yakabaki. Ngozi kavu ikabaki. Ilikuwa asubuhi, mwezi wa kumi, unalijua jua la mwezi wa kumi. Mlinzi wa tangi alisikia vishindo akadhani ni bati linapanuka kwa joto, kisha akasikia tena akaenda kutazama, akaona kadi, akaona lakiri, akarudi. Simlaumu. Na mimi nisingekata lakiri ya mwenzangu.

Walikaa humo mchana ule, na usiku, na asubuhi ya pili, mpaka wafanyakazi wa njia walipopita wakavunja komeo. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja wao alikuwa ndugu yangu. Walizikwa palepale kando ya reli, na walionusurika wakapakiwa treni nyingine wakaendelea na safari yao.

Aliyeniletea habari ni mmoja wao, mtu mzima wa Ndala aliyetoroka Dodoma akarudi kwa miguu, kwa njia ileile ya misafara aliyopita babu yako. Alikuja dirishani pa ofisi. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba ndugu yangu mpaka mwisho alikuwa akiwatuliza wenzake. "Alisema, 'Ngojeni, kaka yangu ni karani, ameandika vizuri, watatufungulia.'"

Nimeyaandika maneno hayo na nimelazimika kuiweka kalamu chini. Mama yako amegonga mlango kuniuliza kama nataka chai. Nimesema ndiyo, na imepoa hapa.

Behewa lile lilirudi Tabora tupu baada ya siku chache, na kadi yangu ikiwa bado kibanioni, mwandiko wangu mzuri uliokuwa ukisifiwa. Nikaichomoa nikaitia katika jiko la chai la stesheni. Wakala hakuuliza, kwa sababu zake. Stesheni masta hakuuliza, kwa sababu zake. Nami nilimwambia mama yangu ni homa, nikamwangalia akimlilia mwanawe kuelekea Tanga, mahali ambako hakufika. Alikufa akiamini hivyo. Kuna siku, karibu na mwisho wake, alinishika mkono akasema, "Wewe ulimpenda sana mdogo wako." Nilisema ndiyo. Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu ilikuwa mbaya zaidi kuisema.

Miezi miwili baadaye ukazaliwa wewe, na bibi yako akakupa jina la mdogo wangu. Ningekataa kwa sababu gani? Mama yako anakuita kwa jina hilo kutwa mara mia. Mimi, kama hukuwahi kuligundua, sijakuita hata mara moja. Nimekuita mtoto, nimekuita kijana, nimekuita Bwana Gadi. Na wewe ulipopanga njiti zile za kiberiti na kuuliza uandike nini, kwa umri ule, kwa jina lile, na sura ya baba yako mdogo usoni mwako, niliona nimefuatwa mpaka nyumbani.

Sitaki ufikiri kwamba nakuandikia ili nipumzike. Sijapumzika, na hata kesho sitapumzika. Nimeandika kwa sababu kesho kutwa mtu atakuita pembeni. Hatakuwa na pembe wala mkia. Atakuwa mtu mcheshi, mwenye haraka, pengine anamsaidia mtu unayempenda, naye atakwambia uandike chochote. Babu yako hakuuliza kilichomo akafikisha treni ya kuchezea, tukacheka. Mimi sikuuliza wangefikaje. Nilijua kilichomo, nilimjua mpaka kwa jina, nikaandika kisichokuwemo. Siku nyingi nimelala nikihesabu maneno mengine ambayo ningeweza kuyaandika. Ningethubutu kuandika watu, wangeshushwa, angelala na njaa barazani kwangu, angekuwa hai. Hata kama ningedanganya, ningeandika ng'ombe, wangenyweshwa. Hilo ndilo linaloniamsha. Ningewaita ng'ombe, wangepewa maji.

Ungeuliza swali lako tena leo, ningekujibu. Uliza. Niandikie kutoka huko uniulize lolote, hata lile ambalo litaniuma, hata kama ni kuniuliza nilipataje kula na kulala na kuvaa kofia ya reli miaka yote hii. Nakuomba usiwe na heshima niliyokufundisha kwa kofi.

Mama yako bado hajui. Nitamwambia kesho, treni ikishaondoka. Nimeona nianze na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyevuja damu. Kama nitashindwa kumwambia, utajua kwa barua zake, naye akiniuliza mbele yako siku moja, usinisaidie.

Kesho mchana treni yenu itasimama kwenye kituo kile, injini ijaze maji. Ni kile chenye tangi jekundu. Mimi nimepita pale mara nyingi na kila mara nimefunga dirisha. Upande wa kulia, ukishapita njia ya pembeni, kuna mafungu matatu ya mawe, wafanyakazi wa njia waliyapaka chokaa, sijui kama bado yapo. Sijui lipi ni lake. Mama yako amekujazia kibuyu cha maji ya kisimani petu, atakusisitizia usinywe ya njiani. Shuka nacho. Mwagia yote matatu, uombe dua, urudi kwenye treni kabla king'ora hakijalia.

Barua hii nitaikunja mara nne, inaingia sawasawa. Nitaisukumia ndani ya behewa la kahawia, na behewa nitalitia katika kikapu chini ya huyo kuku unayemkataa, ulikute utakapoona njaa, kabla ya kituo kile. Mlango sitaufunga. Kibanio chake kidogo bado ni kizima, na nimekichomekea kadi niliyoikata sasa hivi kwa wembe, nimeiandika taratibu kwa mwandiko wangu uleule, ikiwa na jina ambalo sijaliandika wala kulitamka tangu siku ile. Utakuwa umeisoma kadi kwanza, kabla ya barua hii. Imeandikwa hivi:

Maganga na wenzake. Wapewe maji.

Baba yako